Laptopu Nene ya Kaka Sixbert

Kaka yangu Sixbert Alute huwa hakosei. Kinachokosea ni vifaa vyake. Harusi aliyoipiga video kule Nduguti ilipotoka giza tupu, kosa la betri. Bwana harusi alipokatwa kichwa, kosa la stendi ya kamera. Mimi nashona nguo chumba kimoja naye hapa Singida mjini, cherehani yangu upande huu, meza yake upande ule, kwa hiyo visingizio vyake navijua kwa majina.

Mwaka 2009 alikodi kamera mpya, zile zinazorekodi kwenye kadi badala ya mkanda, akaenda Mgori kupiga video ya sherehe ya kumuaga Pendo Simeoni, aliyekuwa anaolewa. Kazi akaihamishia kwenye kompyuta yake, kamera akairudisha kwa mwenyewe. Wiki tatu baadaye mama yake Pendo, Mama Yunisi, akafariki. Hakuwahi kupigwa video nyingine maishani mwake.

Pendo akaja. Alitaka kitu kimoja tu: pale mama alipotia funda la maji mdomoni na kumpulizia kichwani, akimbariki kwa Kinyaturu kabla hajatoka nyumbani. Yeye hakuona, alikuwa ameinama, macho ameyafumba.

Sixbert akabonyeza. Sauti ikaenda, picha ikaganda. Mama Yunisi kanyanyua kikombe, hakimfiki mdomoni. Kisha vikaja viraka vya miraba, baraka zikaisha bila kuonekana. Pendo akaondoka bila kuaga.

"Kompyuta haina nguvu, hizi video ni nzito," akasema Sixbert. Safari hii nilimwamini.

Tukaenda dukani kwa Hosea. Alikuwa na laptopu mbili. Moja nyembamba, inang'aa, memori kubwa. Nyingine nene, imeshatumika, herufi zimefutika, feni inanguruma. Hosea akaisifia ile nene.

"Hii nyembamba haina kadi yake ya picha, inaazima memori ya kompyuta. Ukitazama filamu za kawaida inatosha. Video nzito na kuhariri, itakusumbua. Hii nene ina kadi yake, na kadi ina memori yake."

Nikamnong'oneza kaka kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hakunisikiliza. Akatoa flashi yenye video ya Mama Yunisi, akaijaribu kwenye zote mbili. Kwenye nyembamba kikombe kikaganda palepale. Kwenye nene picha ikatiririka. Mama Yunisi akanywa, mashavu yakajaa, na hapohapo kamera ikageukia mlangoni.

Diwani alikuwa anaingia. Mgeni rasmi! Watu wanasimama, kiti kinafutwa vumbi, huku sauti ya mama inabariki mtu asiyeonekana.

 Nikatafuta kifaa cha kumsaidia kulaumu, sikukiona. Wapiga video wetu wote ndivyo walivyo. Mgeni rasmi akitokea, hata bibi harusi anasahaulika. Nilimkasirikia kaka.

Alinunua ile nene. Kesho yake mchana akaanza kuhariri. Akachukua picha ya Mama Yunisi iliyotulia, akamfunika nayo diwani, akaizungushia maua. Ilipendeza. Pendo asingejua kamwe.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

Akashika kipanya. Kisha akaondoa picha na maua yake, akampigia Pendo simu.

Pendo alipokuja, Sixbert alisema kabla hajabonyeza: "Dada Pendo, kompyuta nimeisingizia. Mimi ndiye niliyegeuza kamera. Nisamehe."

Wakatazama. Diwani alipotokea, Pendo alilia, na mimi nikalia. Kaka akajikaza kueleza: "Naweza kuweka picha ya mama hapa. Na haya madoa kwenye koti la diwani, nitayafuta."

"Rudisha nyuma," akasema Pendo.

Akarudisha. Tukasikia mama akipuliza, na papo hapo yale madoa yakatokea, matatu, moja likateleza polepole juu ya uso wa diwani. Kaka alikuwa amesimama karibu sana. Maji yalikuwa yamerukia kioo cha kamera.

"Hayo ni ya mama," Pendo akasema. "Usiyafute, kaka. Ukitaka kufuta, mfute diwani."

Akaomba irudiwe tena. Akasogeza kiti, akainamisha kichwa mbele ya ile laptopu nene, safari hii macho wazi.