Wadudu wa Ndoo ya Lasmini

Lasmini alikuwa mtu wa "ndiyo". Njoo utusaidie kukuna nazi, kuna hitima: ndiyo. Shamba lake la mpunga liuzwe: ndiyo. Hapa kwetu Java kumkatalia mtu usoni ni aibu, najua, nami nimezaliwa hapa hapa, lakini hata aibu ina kiasi chake jamani! Mimi Tuminah, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, zile ndiyo zake zilinichosha roho.

Mumewe Wagiman alipokufa, hakutoa chozi. Watu wanasoma dua, yeye anaosha sahani.

"We Lasmini, huumii?" nilimuuliza.

"Sisikii kitu, Dada. Ni kama jino lililochomwa sindano ya ganzi."

Nikamkokota kwenye kikundi chetu cha kupima kijito, walau atoke nje. Hakuna anayetulipa. Kila mwezi, Jumapili moja, tunaingia majini na machujio yetu ya jikoni, tunageuza mawe. Mwalimu mmoja wa chuo ndiye aliyetufundisha: chini ya jiwe ukikuta wadudu wa mikia miwili, maji ni mazima, ukikuta minyoo myekundu mitupu, maji yanaumwa. Kule juu kwenye chemchemi, mikia miwili tele. Huku chini, linapomwaga maji machafu bomba la jiko la Kasdi la kutengeneza tofu, ile jibini ya soya, ni minyoo tu. Na hapo kando ya bomba ndipo kilipo kisima cha Lasmini. Maji yake yananuka mayai viza, naye anapikia wali maji hayo hayo.

Kasdi ni kaka wa marehemu Wagiman, tena ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Mwaka huo wakaguzi wa wilaya walikuwa wanakuja. Kijito kikionekana kizima, tunapata tuzo ya usafi na lango jipya la kuingilia. Kikionekana kinaumwa, hakuna tuzo, na Kasdi atalazimishwa kuchimba shimo la kusafishia maji ya tofu yake. Basi kisima cha Lasmini kingepona.

Siku moja kabla, Kasdi akaja uani kwa Lasmini, sigara ya karafuu mdomoni. Mimi nilikuwepo, nachambua mchicha.

"Shemeji," akasema, "kesho asubuhi chota wale wadudu wa kule juu, uwaweke chini ya mawe pale bombani. Funika kombe mwanaharamu apite. Shimo nitachimba baadaye."

"Mficha maradhi kifo humuumbua!" nikadakia. "Hiyo baadaye yako tunaijua, Kasdi, imeshaota mvi."

"Mama Tuminah, huo mdomo wako ndio unaotaka shimo la kusafishia."

Nikamgeukia Lasmini, nikamkazia macho. Nikaomba moyoni: sema hapana mara moja tu, kisima ni chako.

"Ndiyo, Shemeji," akasema.

Niliubeba mchicha wangu nikaondoka.

Wakaguzi walifika, wakalishwa tofu ya kukaanga na pilipili, wakanyweshwa chai, wanacheka. Tukashuka wote kijitoni. Kasdi akamwambia Lasmini ageuze jiwe, maana ndiye aliyejua aliwaweka wapi. Akainama, akaligeuza. Mikia miwili hao, wamejaa! Kasdi akatabasamu mpaka ufizi.

Mkaguzi mmoja, binti aliyevaa mabuti, akasogea. "Mbona wanafanya hivi?"

Tukachungulia. Wadudu walikuwa wameng'ang'ania jiwe kwa miguu, miili inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mbio mbio.

"Wanacheza ngoma!" Kasdi akasema. "Wamefurahi kuona wageni." Watu wakaangua kicheko.

Lasmini hakucheka. Aliwatazama muda mrefu, jiwe mkononi, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Wanatafuta pumzi," akasema. "Hawa si wa hapa. Nimewaleta mimi asubuhi, kwa ndoo."

Alisema vile vile anavyoniomba chumvi. Hakupandisha sauti, hakumtazama mtu.

"Shemeji!" Kasdi akafoka. "Una wazimu?"

Ndoo yake ilikuwa pale pale ukingoni, ina maji ya chemchemi kidogo. Akaanza kuwadondosha humo mmoja mmoja, akahamia jiwe la pili, la tatu. Kisha akaibeba ndoo akaanza kupanda mlima kuelekea chemchemi, peku. Lango hatukulipata, na shimo Kasdi alikuja kulichimba kwa kununa, wala hamsemeshi shemejiye hadi leo. Lakini saa ile sikuwaza lango. Niliokota kandambili zake nikamfuata.

Ni mbali kule juu, na mimi magoti yangu ni mabovu. Nilimkuta amechuchumaa, keshaimwaga ndoo. Wengine walishika mawe. Wengine walichukuliwa na maji, tumbo juu.

"Wagiman alikuwa hivi hivi," akasema. "Kifua juu, kifua chini. Nikasema tumpeleke hospitali. Kasdi akasema tusubiri kupambazuke."

"Nawe ukasemaje?"

Nilijuta kuuliza hata kabla sijafunga mdomo.

"Nikasema ndiyo."

Nilitamani alie, nami nilie naye. Hakulia. Alikung'uta ndoo, akaangalia njia tuliyopanda, chini kabisa hadi kwenye paa la jiko la tofu, na nyuma yake barabara ya lami iendayo hospitali.

"Hospitali ni karibu kuliko huku, Dada," akasema. "Ningembeba tu."

Nikamwekea kandambili mbele ya miguu. Akazivaa, tukashuka.