Dawa Nyekundu

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, Malaba hadi Kampala, na mimi nilikuwa mgonjwa wa kifua. Ilikuwa miaka ya sabini. Sindano zilikuwa zimenichosha, ndipo zahanati ya upande wa Chakol ikapata dawa mpya, kidonge chekundu nilichokimeza kila asubuhi mbele ya nesi. Kiligeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa, na hata machozi kiliyapaka. Nesi alinionya nisishtuke. Mume wangu siku hiyo alikuwa safarini.

Nesi huyohuyo alisema nisishike mimba mpaka kifua kipone, akataka kunipa vidonge vya kupanga uzazi. Siku hizo hukupewa bila mume kukubali, basi aliporudi akaitwa. Alikaa kwenye benchi akigeuzageuza kofia, akauliza kama ni kitu cha kuaminika.

"Hii haikosangi, mzee," nesi akamwambia. "Mama akimeza vizuri, hakuna mimba."

Nami nilimeza vizuri. Mimi kitu nilichokuwa nasahau ni chumvi kwenye mboga, na hiyo mume wangu alishaizoea.

Nikashika mimba.

Nilipomwambia, alisukuma sahani. Tuliishi jirani na uwanja wa malori, na yeye mwenyewe dereva, alijua madereva wanavyojisifu kuhusu wake za watu wakishiba. "Sista alisema haikosangi," akanijibu. "Basi uliacha kumeza mimi nikiwa safarini." Hilo tu. Nikalia, nikajifuta kwa leso nyeupe, leso ikashika doa la chungwa. Akalitazama.

"Kumbe hata machozi yako si ya ukweli."

Asubuhi aliwasha lori akavuka mpaka. Hakurudi.

Mama mkwe alimpokea mtoto akasema, "Kitanda hakizai haramu." Alinipenda, najua, lakini neno lile lilinichoma. Sikutaka kusitiriwa. Nilitaka kuaminiwa.

Mtoto alikuwa anatambaa nesi aliporudi kutoka semina ya Kisumu. Hakungoja niende zahanati, alikuja kwangu kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, nisamehe. Daktari ametuambia wamechunguza, hii dawa nyekundu inamaliza nguvu ya vidonge vya uzazi ndani ya mwili. Wewe ulimeza vizuri. Ni sisi hatukujua."

Nilimkumbatia, kisha nikamkasirikia, kisha nikampikia chai. Ningefanya nini? Ukweli ulikuwa umefika nyumbani, na mwenye kuuhitaji hayupo.

Nikaanza kwenda kwenye kizuizi cha Malaba, mtoto mgongoni, kuwabebesha madereva maneno. Nilieleza dawa ya kifua, dawa ya uzazi, mkojo, machozi, mpaka mmoja akacheka. "Mama, hiyo yote nitasahau. Fupisha."

Nikafupisha: mwambie mtoto ni wake, na machozi yalikuwa ya ukweli.

Mmoja alirudi akasema amesikia yuko Jinja. Mwingine akasema hapana, alihamia Rwanda. Mpaka ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, na mimi nilimkosa kuanzia kitandani hadi kwenye sahani ya mboga isiyo na chumvi.

Sasa mtoto ana ndevu, na akicheka huziba mdomo kwa mkono kama babake, mtu ambaye hajawahi kumwona. Leso ninayo. Sijaifua. Na mpaka leo breki za lori zikilia barabarani, naacha ninachofanya, natoka nje kuangalia nani anashuka.