Barua ya Durban Iliyosomwa Uani

Nitakayokueleza yatanionyesha mjinga, mwanangu, wala sijitetei. Ndevu zangu nyeupe bado za kuhesabu, lakini kwa kuwa kesho kutwa unapanda basi kwenda Durban nilikotoka mimi, leo nitajifanya mzee. Nivumilie.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Nilikuwa naosha magari hukohuko Durban, na msafiri mmoja akaniletea barua ya dada yangu. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila aina ya kitu inashushwa Masasi. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliuza korosho akanunua friji. Akalipandisha na pikapu mpaka kwetu Chilangala, ambako hata nguzo ya umeme hatukuwa nayo. Dada aliandika kwamba Mjomba anatunzia humo kanzu yake ya Ijumaa, na watu wanatoka vijiji vya jirani kuja kulifungua na kulifunga. Akiulizwa, anasema umeme ukija utalikuta.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwandikia bibi. Bibi natania naye, si unajua, kwetu mjukuu humwita bibi yake mke wake na hakuna anayenuna. Mjomba hataniwi. Mjomba ndiye anayekwenda kukuposea, unamsalimia umeinama. Nikaandika: "Mke wangu, nasikia Mjomba kaoa tena. Mke mweupe, mnene, hasemi kitu. Mwambie asilale naye karibu, atapata mafua. Ha ha ha."

Nilisahau mambo mawili. Mke wa Mjomba, aliyenilea mimi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Halafu bibi hajui kusoma. Barua ikifika kwetu inasomwa uani, ukoo mzima umekaa, na msomaji alikuwa mwalimu mmoja kutoka Mbeya, mtu asiyeruka neno. Alisoma hata ile ha ha ha, moja moja, kama anaita majina darasani.

Mjomba alinyanyuka, akachukua jembe, akaenda shamba.

Sasa kumbuka kwamba kwa kina Somoe, binti niliyemwahidi ndoa, walikuwa wanamsubiri huyohuyo Mjomba apeleke posa. Na muuza mitumba mmoja wa Mkomaindo, Masasi, alikuwa keshaanza kumtumia binti salamu. Walipomuuliza Mjomba, akajibu, "Kijana ana mdomo wa kutosha. Aje ajiposee."

Habari hiyo iliponifikia sikumaliza wiki. Nilifika Chilangala, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba anaangalia kuku. Nikawaza, mtu niliyemdhalilisha mbele ya watu siwezi kumwomba radhi chumbani. Nikaandika barua, nikampa mwalimu yuleyule, nikaomba ukoo wote ukae, nikapiga magoti katikati ya ua, mchana kweupe. Mwalimu akasoma kwamba nimekosa, na kwamba marehemu hakunilea niwe hivi. Bibi analia, huku ananong'ona kwamba mume wake huyu mwandiko wake lazima ni mbaya, maana mwalimu anakwamakwama.

Ilipokwisha, Mjomba akamwomba mwalimu arudie tangu mwanzo. Magoti yangu hayajasahau mpaka leo. Mwalimu akarudia yote. Ndipo Mjomba akasema, "Ainuke. Kesho tunakwenda kwa kina Somoe."

Basi, mwanangu, huko uendako utaletewa vioja vya nyumbani, na wewe cheka, ugeni bila kicheko hauvumiliki. Lakini kila kioja kina mwenyewe, na mwenyewe ana ya kwake usiyoandikiwa. Kama una utani, uweke mfukoni, urudi nao, umtanie mtu anakuona.

Hayo sikuyatunga mimi. Tulipokuwa tunarudi, posa imepokelewa, Mjomba aliniambia, "Huku walinicheka wote, na mimi nikacheka nao. Wakiona uso wangu umebadilika, wananyamaza. Wewe ulikuwa mbali, hukuuona." Akanishika bega. "Mungu akupe watoto wenye mdomo kama huo wako. Na kila wakienda mbali, awarudishe kwako."