Mgeni Aje na Ndoo Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Newala nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Lori lililonipandisha kutoka Masasi lilinishusha mbele ya ofisi ya wilaya na sanduku langu la bati, cheti cha chuo cha maendeleo ya jamii, na kiu. Nilimwamkia Mkuu wa Idara, na kabla hata sijatoa barua ya kupangiwa kazi nikaomba maji ya kunywa. Mzee yule alifungua kabati la mafaili, akatoa chupa, akanimiminia nusu kikombe.

"Nusu nyingine utapewa ukishajua yametoka wapi," alisema.

Nilimwona bahili. Sisi wa Masasi tulizoea kuchimba kisima na kupata maji, hatukuwa na habari ya kuyahesabu kwa kikombe. Kule juu kwa Wamakonde mchanga unainywa mvua yote, na maji yanakwenda kutokea chini kabisa, bondeni. Mitambo ya kuyasukuma kupanda mlima ilikuwapo, lakini hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni na mabati yamejaa madukani, ila serikali ilikuwa imeanza kuitua mizigo iliyokuwa ikiibeba peke yake, na dizeli ya mitambo ilikuwa mmojawapo. Mkuu wangu alikuwa na msemo wake: "Dizeli ikifika, maji yanapanda. Isipofika, akina mama wanashuka."

Kwenye barua niliandikwa Afisa Maendeleo ya Jamii Msaidizi. Vijijini nikaitwa Bibi Maendeleo, ingawa nilikuwa binti ambaye hata mchumba sina. Kazi yenyewe tuliiita uraghbishi: unawakalisha watu pamoja, wanachora ramani ya kijiji chao mchangani kwa vijiti na kokwa za korosho, wanataja shida zao, wanapanga ipi ianze, na mwishoni wanaamua watachangia nini kwa mikono yao. Mikono hiyo kwenye mafaili tuliiandika "nguvu ya wananchi". Niliipenda kazi hiyo kuanzia wiki ya kwanza, naomba hilo lieleweke kabla sijasimulia nilivyoiharibu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Namtete, kijiji kilicho ukingoni kabisa, ambako mteremko wa kwenda bondeni unaanza. Wanawake waliondoka alfajiri na kurudi jua limeshapanda, kila mmoja na ndoo moja kichwani. Walipochora ramani yao, njia ya maji waliichora ndefu kuliko kijiji kizima. Tukakubaliana kujenga kisima cha mvua, yaani shimo kubwa la zege lililopigwa lipu na kufunikwa, linalopokea maji ya paa la shule kupitia gata, ile mifereji ya bati. Halmashauri ilitoa saruji na nondo. Wanakijiji walichimba, wakabeba mawe na mchanga, na mvua za mwaka huo zilikijaza kisima mpaka mdomoni. Nilitembea Newala nzima kama niliyeinyesha mvua mwenyewe.

Mwongozo ulisema iundwe kamati ya maji, nikaiunda. Ulisema kisima kiwe na kufuli, nikanunua kufuli, na ufunguo nikamkabidhi mwenyekiti wa kamati, mzee mpole asiyeweza kumnyima mtu kitu. Baada ya mavuno ukaja msimu wa unyago. Wasichana walikuwa wanatoka, ngoma inaandaliwa, na mwenyekiti akaniuliza kama akifungue kisima kwa ajili ya wageni. Nilimjibu kwa kifua mbele: "Fungua, baba. Wanywe, waoge, wajue kuwa Namtete ina maji."

Kweli walijua. Habari ilitangulia vijiji vyote vya jirani, na watu wakaja makundi kwa makundi, mikono mitupu. Ngoma ilidumu siku tatu. Siku ya nne mwenyekiti alishusha ndoo kisimani, ikapanda na tope. Msimu wa kiangazi ndio kwanza ulikuwa unaanza.

Wanawake hawakunigombeza. Walichukua ndoo zao, wakarudi kwenye mteremko. Mmoja wao alikuwa Salama, binti wa Bi Somoe, kungwi mkubwa wa kijiji, yaani mama anayewafunda wasichana unyagoni. Salama alikuwa na mimba ya miezi mitano, yake ya kwanza. Aliteleza akipanda na ndoo, akaanguka, na mimba ile ikatoka. Nilipopata habari niliinama juu ya meza ya ofisi nikalia bila kujali nani ananiona. Maji yaliyomtosha Salama niliwapa wageni waoshe miguu, ili nionekane.

Nilikwenda kwa Bi Somoe kuomba radhi. Nilimkuta anatwanga muhogo. Hakusimamisha mchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa. Nikasema yote niliyokuwa nayo, na mengine nikayarudia. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu, wewe ulituuliza tunataka nini. Hukutuuliza tunafanyaje. Toka bibi zetu, mgeni wa ngoma huku juu anakuja na ndoo yake ya maji kichwani. Ngoma, msiba, arusi, ni hivyo hivyo. Mama mwenye adabu haingii kwenye ua wa mwenzie mikono mitupu akaomba maji. Sasa wewe umewaambia wageni kuwa kwetu maji ni ya bure. Nani atajitwisha?"

"Kwa nini hamkuniambia, mama?"

"Ulikuwa na mwongozo."

Alilisema hilo bila kejeli, ndiyo maana liliniuma. Kisha akaacha kutwanga na kunieleza jambo ambalo chuoni sikuwahi kulisikia. Wasichana waliochezwa unyago mmoja ni ndugu mpaka kufa. Rika hilo lina kungwi wake, na kungwi hadanganywi, hata kama aliyefundwa ameshakuwa bibi. "Kamati yako inaogopa nani?" aliuliza. "Mpe kila rika siku yake ya kulinda na kugawa. Kungwi wao apime maji. Sheria ya mgeni irudi ilivyokuwa. Mimi nataka kitu kimoja tu. Salama akishika mimba tena, asiione njia ile."

Nilirudi wilayani na pendekezo hilo likiwa kwenye karatasi mbili. Mkuu wa Idara alizisoma, akavua miwani.

"Kungwi ni cheo gani katika muundo wa serikali?"

"Hakimo, mzee."

"Na mimi nisaini kitu ambacho hakimo?"

"Kamati ilikuwamo, mzee, na kisima kimekauka."

Alizivuta karatasi karibu. Kisha, Mungu amlaze pema, akachukua kalamu yake mwenyewe, akafuta neno "makungwi" na juu yake akaandika "vikundi vya watumiaji maji".

"Waite hivyo kwenye faili," alisema. "Kijijini waite wanavyoitana. Lakini sikiliza, binti. Kiangazi kijacho kikikauka tena kabla ya mvua, saruji ya vijiji vingine itapelekwa kwingine, na mimi sitakuwa na la kukutetea."

Mwenyekiti alifurahi kuuachia ufunguo, akasema ulikuwa unamkosesha usingizi. Mvua ya kwanza ya msimu wanawake waliizuia isiingie kisimani, kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati. Mimi ningeikinga. Kisima kilipojaa, Bi Somoe alileta ufito mrefu aliouchonga alama, alama moja kwa kila mwezi wa kiangazi. Maji yakiteremka kuliko alama ya mwezi huo, kila nyumba inapunguza ndoo, na hakuna anayebishana na ufito. Katikati ya kiangazi Salama alikuwa na mimba tena, na mimi nilikuwa nikiutazama ufito ule kuliko nilivyotazama mshahara wangu.

Mwezi huohuo Mkuu wa Idara alikuja kukagua, na gari limejaa wageni kutoka mkoani. Jua lilikuwa kali. Siku hiyo ilikuwa zamu ya rika la Salama, na Salama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mfuniko. Mkuu aliomba maji ya kunywa.

"Shikamoo, baba," alisema Salama kwa heshima zote, akipiga goti kidogo. "Ndoo yenu mmeiacha wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wale wa mkoani walitazamana. Mkuu alinigeukia, nami nikaangalia viatu vyangu. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Nusu kikombe changu kimenirudia," aliniambia. Toka siku hiyo gari la idara halikwenda Namtete bila dumu la maji nyuma.

Mvua ziliporudi, ufito ulikuwa bado unalowa kupita alama ya mwisho. Salama hakuwa ameiona njia ya bondeni hata siku moja. Alijifungua mtoto wa kike akiwa salama salmini, wakampa jina langu, Fatuma. Na saruji ya vijiji vingine ikaja.

Baadaye nilihamishwa mara nyingi. Lupaso nilitaka kuhamisha makungwi kama mtu anavyohamisha miche, lakini Mtendaji wa Kata, mama mmoja mchekeshaji niliyemsimulia ya Namtete, akaniuliza kama nimeshasahau kuuliza. Huko watu walikuwa na utaratibu wao wa kupaliliana mikorosho kwa zamu, tukajenga juu ya huo. Lukuledi wanakwaya ndio waliobeba kazi. Kila mahali nilikuta jambo ambalo watu walikuwa tayari wanalifanya vizuri, na kazi yangu ikawa kulitafutia saruji na jina la kuandika kwenye faili. Miaka yangu ya mwisho vijana wa miradi walikuja na kompyuta zao wakatufundisha neno "ubunifu wa kijamii". Ni neno zuri. Nilikaa nyuma nikaandika kila kitu, na moyoni nikamsikia Bi Somoe akitwanga.

Nilistaafu nikiwa Masasi, nyumbani kwangu Mkomaindo. Bi Somoe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Mkuu wangu pia. Sikutarajia wageni wengi kwenye shughuli ya kuniaga. Mchana lilisimama gari nje ya ua, wakashuka wanawake wa Namtete, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ndoo yenye mfuniko kichwani. Njia nzima kutoka juu walikuwa wamezipakata ndoo hizo za maji. Mbele yao alikuwa Salama, mvi zimemtoka, na nyuma yake wajina wangu Fatuma, mama mtu mzima sasa.

"Jamani," nilisema, machozi yananitoka, "kwangu kuna bomba."

"Tumeliona, mama," Salama alinijibu, akitua ndoo yake miguuni pangu. "Lakini sisi ni wageni."

Nilimwambia binti yangu alifunge bomba. Siku hiyo tulipikia na kunywa maji ya Namtete. Fatuma alinichotea mimi kwanza, akajaza kikombe mpaka juu.