Kocha Aliyetoa Ushindi wa Mezani

Mume wangu Roland Guidry hana sura ya mtu wa kusimuliwa. Ana kitambi, ana upara anaouficha kwa kofia ya shule, na akiimba kanisani watu wa benchi la mbele hugeuka kuangalia kuna nini. Asubuhi anafundisha hesabu, mchana anaendesha basi la wanafunzi, na jioni ni kocha wa mpira wa Kimarekani hapa Tolliver Flat, Texas, mji wa watu mia tatu, ukihesabu na wale wa makaburini. Nilimtoa kwao Luiziana miaka kumi na tisa iliyopita nikamleta kwetu, na mpaka leo wenyeji wanamwita mgeni. Kinara wao ni baba yangu mzazi. Mimi ndiye ninayefua jezi za timu, kwa hiyo haya ninayoyasema nayajua mpaka harufu yake.

Shule yetu ni ndogo, tunacheza mchezo wa watu sita badala ya kumi na mmoja. Mwaka ule tulianza Agosti na vijana tisa. Mmoja alihama na baba yake aliyefuata kazi za visima vya mafuta, wa pili akavunjika mguu, wa tatu akalazwa na homa ya tezi. Tukabaki na sita, hakuna wa akiba. Tulicheza mechi saba, tukapigwa zote saba. Katika ile ya saba, Trace Hollabaugh alikandamizwa na majitu mawili, akaangukia bega la kulia.

Trace alikuwa na miaka kumi na tano na ndiye mrushaji wetu, yule anayeshika mpira kwanza na kuamua uende wapi. Mkono wake ulikuwa kitu cha kwanza kizuri kutokea mjini kwetu tangu mvua ya mwaka juzi. Daktari wa Abilene alisema kano za bega zimevutika lakini hazijakatika. Akivumilia maumivu, acheze. Akiangukia tena bega lilelile, huenda ikabidi apasuliwe, na mkono hautakuwa mkono tena. Uamuzi akatuachia wenyewe, kisha akaenda zake kula chakula cha mchana.

Basi hesabu ilikuwa rahisi hata kwa asiyefundishwa na Roland. Trace akipumzishwa, tunabaki watano. Timu ya watano hairuhusiwi kuanza mchezo, kwa hiyo wageni wanapewa ushindi wa mezani. Na Tolliver Flat haijawahi kutoa ushindi wa mezani tangu mwaka 1939. Wakati wa vita tulichezesha watoto wa miaka kumi na mitatu. Mwaka kimbunga kilipong'oa paa la shule, tulicheza kwenye uwanja wa jirani na viatu vya kuazima. Hatuna mto, hatuna reli, hatuna hata taa ya barabarani, lakini uwanjani hatujawahi kukosa. Na mechi iliyokuwa inakuja, ya Ijumaa dhidi ya Knapp Well, ndiyo ile ya sikukuu ya kurudi nyumbani, wakati kila aliyewahi kusoma hapa anarudi kutoka Dallas na Houston kuja kuangalia.

Sitajitia utakatifu. Mimi nilitaka mtoto acheze. Jumanne alikuja nyumbani kujaribu jezi ambayo nilikuwa nimeishona upya namba mgongoni. Akaniinamia kichwa nimvalishe, mkono wa kushoto akauinua, wa kulia akauacha uning'inie. Nikauingiza mwenyewe kwenye mkono wa jezi, polepole, na nikaona jasho likimtoka juu ya mdomo ilhali nyumba ilikuwa baridi.

"Linauma?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, Bi Guidry."

"Jikaze kisabuni, mwanangu. Ijumaa hiyo si mbali."

Hivyo ndivyo nilivyomwambia, mimi mtu mzima niliyezaa. Na Roland aliporudi sikumwambia nilichokiona.

Jumatano jioni Roland alinipigia simu kutoka shuleni, akasema amemwambia Trace atacheza. Nilioka pai ya njugu. Alhamisi asubuhi aliweka kikombe cha kahawa chini, akasema, "Nimebadili mawazo. Trace hachezi. Nitawapigia simu wale wa Knapp Well niwape mechi."

Nilidhani anatania. "Utawapa nini?"

"Mechi. Ushindi wa mezani."

"We Roland, umeamka na nini leo? Jana umesema mtoto anacheza. Wazazi wametia sahihi, daktari hakukataza, mtoto mwenyewe anataka. Wewe ni nani?"

"Mimi ni kocha."

"Kocha wa vipigo saba."

Neno likishatoka halirudi. Alilimeza na kahawa yake. Nikamuuliza kimetokea nini kati ya jana na leo. Alichukua kofia, akasema anakwenda kuwaambia watu nyumba kwa nyumba, kwa sababu habari kama hii mtu asiisikie dukani. Nikaingia garini naye. Si kumuunga mkono, la hasha. Nilitaka kumwona akitahayari.

Tulianza kwa Dub Hollabaugh, baba yake Trace, ambaye pia ni mwenyekiti wa bodi ya shule na tulisoma darasa moja. Tulimkuta zizini anachanja ndama, Trace kashika lango kwa mkono wa kushoto.

"Dub," Roland akasema, "mwanao namweka benchi kesho. Hatuchezi."

Dub alimaliza ndama aliyekuwa naye kabla ya kujibu. "Mwanangu ni wangu, Roland. Karatasi nimetia sahihi."

"Mtoto ni wako. Timu ni yangu."

"Mpaka Desemba, mkataba wako ukija mezani."

"Basi mpaka Desemba."

Trace aliachia lango. "Kocha, jana uliniahidi."

"Nilikuahidi. Nilikosea, mwanangu."

Mtoto aliondoka bila kuaga, na ndama wawili wakatoroka. Mimi na Dub na kocha wa vipigo saba tukawakimbiza kwenye matope. Roland aliteleza akaanguka, akainuka, akamrudisha ndama wake, akampa Dub mkono. Dub hakuupokea.

Tulikwenda nyumba kumi na moja siku ile. Kwa mwenye duka la vyakula vya mifugo tuliambiwa kwao Luiziana huenda wamezoea kukimbia. Mama mmoja aliyenifundisha kusoma alitufungia mlango taratibu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Kila mahali Roland alivua kofia, akasema yaleyale maneno machache, akasubiri aambiwe anachoambiwa. Hakumtaja daktari, wala hakusema wazazi wamesema hivi au vile. Kila mahali ni "nimeamua mimi."

Mwisho tukafika kwa baba yangu. Mzee Hoyt Stovall ana miaka themanini na minne na alicheza mwaka hamsini na saba, na mji mzima unajua kwa sababu hajawahi kunyamaza juu yake.

"Baba," Roland akasema. Yeye humwita Baba, Baba humwita wewe. "Kesho hatuchezi. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Baba alizima redio. "Mwaka hamsini na saba nilicheza mbavu mbili zimevunjika."

"Najua, Baba."

"Mwaka jana ukisimulia ulikuwa ubavu mmoja," nikasema mimi.

"Wewe nyamaza, nazungumza na mumeo." Akamgeukia Roland. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miaka yote hiyo, wewe! Vita havikutuweza, kimbunga hakikutuweza, umekuja kutuweza wewe?"

"Naam, Baba. Nimekuwa mimi."

Tulirudi nyumbani. Nililala nimempa mgongo.

Ijumaa sherehe haikuweza kuahirishwa. Watu walikuwa wameshafika kutoka mbali, wasichana wameshavaa yale maua yao makubwa ya utepe yanayowafunika kifua mpaka magoti, malkia wa sherehe alikuwa amechaguliwa. Kwa hiyo taa za uwanja ziliwashwa, pikapu zikajipanga kuzunguka uwanja zikiuangalia kama kawaida, na hakukuwa na mchezo. Mimi nilikaa kwenye pikapu ya baba yangu. Roland alisimama peke yake pembeni mwa uwanja, pale anaposimama siku zote. Hakuna aliyemsogelea, na mimi pia sikumsogelea. Nasema ukweli wangu.

Kilichobaki kilikuwa bendi. Katika shule kama yetu wachezaji ndio hao hao wapiga bendi. Siku za mechi wakati wa mapumziko wanavua kofia ngumu, wanachukua tarumbeta, wanapiga muziki wakiwa na mapedi mabegani na matope magotini, kisha wanarudi kupigwa. Safari hii walitoka na jezi safi. Trace hupiga tromboni, na wapiga tromboni hutangulia mstari wa mbele ili wasimgonge mtu, maana chombo hicho kinataka mkono wa kulia uende mbele mpaka mwisho na kurudi.

Wakaanza wimbo wa shule. Trace aliinua tromboni. Sauti ya kwanza ilitoka, na ya pili. Kisha wimbo ukafika pale unapotaka mkono unyooke, na mkono haukunyooka. Ulifika nusu, ukatetemeka, ukarudi. Akajaribu tena. Akabaki amesimama mbele ya mji mzima na tromboni kifuani, mashavu yamemwiva, wenzake wanapiga, yeye hapigi.

Hakuna aliyepiga honi. Kwenye pikapu ile nilisikia pumzi za baba yangu.

"Yule mtoto hawezi kunyoosha mkono," akasema.

"Hawezi."

"Angerushaje mpira?"

"Angerusha hivyohivyo. Tungempigia makofi."

"Nani alikuwa anajua?"

"Mimi," nikasema. "Tangu Jumanne."

Alinitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama tangu nilipokuwa msichana. Wakati huo Dub alikuwa ameshashuka kwenye gari lake. Alivuka nusu ya uwanja na mabuti yake, akamfikia mwanawe mstarini, akaichukua ile tromboni akamshikia, akasimama naye bega kwa bega mpaka wimbo ukaisha. Nikamwangalia Roland. Mtu mwingine angeinua kidevu kutuuliza, mmeona sasa? Yeye alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake, kama mtu aliyefumania jambo la wenyewe. Hapo nilishuka, nikatembea mbele ya taa za magari yote yale, nikaenda kusimama naye. Baba yangu alipiga kelele nyuma yangu kwamba nimeacha mlango wazi.

Ya Desemba nitawaambia kabisa msikae roho juu. Yule wa homa alipona, tukacheza mechi mbili za mwisho Trace akiwa benchi, tukapigwa zote mbili. Bodi ilimwongezea Roland mkataba kwa kura nne dhidi ya tatu. Dub alimpigia ya kubaki. Miongoni mwa zile tatu alikuwemo binamu yangu wa damu, na pai yangu hajaionja tena. Leo Trace ananyanyua marobota ya nyasi kwa mikono miwili. Wapo ambao mpaka sasa hawamsalimu mume wangu, na wakati mwingine nawaelewa, kwa sababu kitu kile kilikuwa chetu na sasa hakipo.

Lakini nataka kusimulia Jumamosi, kesho yake baada ya sherehe ile. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kufua, na jezi zilikuwa safi, sina cha kufua. Nilizitandaza mezani hata hivyo. Roland alikuwa anakaanga mayai.

"Niliona Jumanne," nikamwambia. "Alipojaribu jezi. Niliona hawezi kuinua mkono, nikanyamaza."

"Mimi niliona Jumatatu," akasema.

Nikageuka. "Jumatatu? Na Jumatano ukamwambia atacheza?"

"Nilimwambia." Alipunguza moto. "Nilitaka na mimi, Lanette. Unadhani sitaki? Miaka kumi na tisa nasubiri baba yako aniite jina langu. Nikajiambia mtoto ni mgumu, atavumilia, ni mechi moja tu. Nikamwita ofisini nikamwambia utacheza."

"Nini kilikubadilisha?"

Alizima jiko kabisa, akabaki ameshika kijiko.

"Aliniambia asante," akasema. "Alisimama pale, bega limeinama upande mmoja, akanishukuru. Asante, Kocha. Kwa moyo wake wote. Nikakaa ofisini mpaka mfagizi akaja, najiuliza mimi ni mtu wa aina gani hata mtoto anishukuru kwa jambo lile."

Alipakua mayai, mengi yameungua kama kawaida yake, akaniwekea sahani. Tulikula. Kisha nikazikunja zile jezi moja moja nikazirudisha kabatini, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda dukani mchana kweupe kununua unga ambao sikuuhitaji, ili kila mtu mle ndani anione na akumbuke mimi ni mke wa nani.