Sweta Lililonuka Nyumbani

Miaka ile nilikuwa na kazi ambayo mama yangu mzazi hakuweza kuwaeleza majirani. Akiulizwa binti yake anafanya nini mjini, alijibu kwamba nafanya biashara ya simu, na watu wakaelewa kuwa nauza vocha. Niliacha iwe hivyo. Ukweli ulikuwa mrefu zaidi: kampuni moja ya soko la mtandaoni, ambayo siku hizi haipo tena, iliniajiri nikae Moshi niwasaidie wauzaji wapya mpaka kila mmoja auze kitu chake cha kwanza. Akishauza, ananiaga na kuendelea mwenyewe.

Nilikuwa na chumba ghorofani, karibu na soko kuu. Mlikuwa na meza, benchi, na shuka jeupe nililolipigilia misumari ukutani kwa ajili ya kupigia picha. Chini yangu mafundi cherehani waliwasha redio tangu asubuhi, na upepo ukigeuka tuliletewa harufu ya dagaa na ndizi mbivu. Nikikumbuka chumba kile, nawaona kwanza watu waliokaa kwenye benchi wakiwa wameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kifaranga, wakisubiri. Kijana wa mchele wa Mabogini alisubiri pale. Mama mmoja wa Majengo aliyetengeneza udi alisubiri pale, tasbihi ikipita vidoleni. Kuweka picha kulikuwa rahisi. Kumngoja mteja wa kwanza ndiyo ilikuwa kazi.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua za vuli, alikuja mama kutoka Kibosho akiwa amejitwisha kiroba cha masweta. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akakitazama chumba chote bila haraka.

"Nimeambiwa wewe unawauzia watu vitu kwa watu wasiowaona," alisema.

Nikamwambia ndivyo, kwa namna fulani. Akafungua kiroba.

Alikuwa amefuma masweta tangu ujanani. Zamani alifumia shule za kule mlimani, na mashine yake haikupoa kuanzia Januari. Kisha shule zikapata watu wengine wa kuwaletea masweta kwa wingi kutoka mbali, na mashine ikafunikwa kitenge pembeni mwa chumba. Watoto wake wakaenda kuishi mbali, mumewe akafariki, na siku moja, kwa kuchoshwa na ukimya, aliifunua mashine akaanza kufuma masweta ya watoto wadogo. Hakuwa akimfumia mtoto yeyote maalumu. Ilikuwa tu kwamba mikono ilitaka kazi.

Picha za kwanza tulizipiga kwake, maana alitaka watu waone masweta yalikotoka. Nilipanda Kibosho kwa bodaboda nikamkuta ameshatandika masweta kwenye ua, chini ya migomba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Masweta mekundu yalitoka kwenye simu rangi ya matofali, na ya bluu yakatoka kijivu. Tukaingia ndani tukanywa chai tukingoja jua, likatoka kidogo mchana, tukakimbia nje kama watu wanaoanua kahawa. Zile ndizo picha tulizoziweka.

Kisha tukangoja. Watu waliuliza bei, wakajibiwa, wakapotea. Ndivyo ilivyo kwenye biashara ile. Lakini yeye hakuweza kumjibu mtu kwa tarakimu tupu. Kwake huo ulikuwa utovu wa adabu, kama kumwacha mgeni mlangoni. Na kwa kuwa kuandika kulimchosha macho, alituma ujumbe wa sauti. Aliwasalimu, akawauliza habari za huko waliko, akawauliza kama mvua imenyesha, akawaeleza sweta limefumwa kwa uzi gani, na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini kidogo, akataja bei. Nilimshauri afupishe. Alinikubalia kwa upole, na ujumbe uliofuata ukawa mrefu vilevile.

Mvua zilipoanza, mwanamke mmoja aliyekuwa akiishi Mtwara aliuliza bei ya sweta la mtoto, rangi ya kijani. Mtwara na sweta! Nilidhani amekosea. Mama akamtumia ujumbe wake kama kawaida, habari za mvua na zote. Jibu lilipokuja lilikuwa la sauti pia, na lilikuwa la Kichagga.

Alikuwa mtu wa Rombo, mashariki ya mlima, ambako Kichagga chao ni kingine. Nilikaa nikiwasikiliza wakitumiana sauti, Kibosho huku na Rombo kule, kila mmoja akishika neno la mwenzake na kulirudisha kwa lafudhi yake, mpaka kwenye jina la kipimo fulani cha mkono wa mtoto wakashindwana kabisa, wakacheka, wakarudi kwenye Kiswahili. Yule dada alikuwa muuguzi. Alisema kazi ilimpeleka kusini, akaolewa huko, na mtoto wake hajawahi kuona mahali pa kuvaa sweta. Hakusema zaidi, ila alinunua.

Tulifunga mzigo mezani pangu. Mama alitaka kutia ndizi za kupikia mtori, ile supu ya ndizi na nyama. Nilimweleza kwamba zitaiva njiani na kulichafua sweta, akazitoa moja moja kwa masikitiko, akatia badala yake kahawa kidogo aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe. Tukaupeleka mzigo stendi. Basi lilipoondoka alilisindikiza kwa macho mpaka likakata kona, kisha akauliza kama dereva anaonekana mtu mwangalifu.

Baada ya siku kadhaa yule mnunuzi aliandika maoni yake kwenye ukurasa, mahali ambapo kila mtu angeyasoma. Mama alikuwa kwenye benchi, nikamsomea kwa sauti kabla sijayapima: "Limefumwa vizuri. Linanuka nyumbani."

Uso wake ulibadilika. Aliniomba nisome tena, nikasoma.

"Linanuka," alisema.

Nilijaribu kumwambia labda alitaka kuandika linanukia, vijana siku hizi hawatofautishi. Hakunisikia. Akanieleza kwamba mvua zilipozidi masweta yalikataa kukauka, akayaanika jikoni, juu ya mafiga, mahali anapokaushia kuni. Alidhani moshi ungetoka njiani. Alikuwa na aibu kama mtu aliyempa mgeni chakula kilichochacha, na akaniomba nimpigie yule dada palepale.

Nilipiga, nikaweka simu mezani ili sote tusikie.

"Mwanangu, nimesomewa ulichoandika," mama alisema. "Kama sweta linanuka, nirudishie. Nitakufumia lingine, na hili nitaliweka mbali na moto."

 

"Mama, usinielewe vibaya," yule dada alisema. "Linanuka kama jikoni kwa mama yangu. Nimelifungua hapa nikakaa chini. Tangu tumzike sijarudi nyumbani, nyumba yake ninaiogopa. Sijalifua, na sijui kama nitalifua."

Mama alilaza mikono mapajani. Nilijua naye alikuwa na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba, kihambani, kwenye migomba ya ukoo, analolipita kila anapokwenda kukata ndizi.

"Krismasi hii njoo na mtoto," alisema. "Kama kufika kwenu moja kwa moja kunakushinda, anzia kwangu."

Nilidhani ni maneno ya kufariji tu. Lakini Desemba, wakati barabara ya Moshi imejaa magari ya watu wanaopanda mlimani kwao kama ilivyo kila mwaka, alikuja. Nilimpokea stendi, mwanamke mwembamba mwenye sauti niliyokwisha kuizoea, amembeba mtoto aliyevaa lile sweta la kijani katikati ya jua la mjini, jasho likimtiririka. Nikampeleka Kibosho. Mama aliwapokea getini, akamchukua mtoto kabla ya salamu kuisha, na jioni tukala mtori, na mtoto akalala karibu na moto.

Asubuhi yake walikwenda Rombo pamoja. Mama aliamua kumsindikiza mpaka mwisho wa safari. Alisema haifai mtu kufungua nyumba ya namna ile peke yake. Niliwasindikiza hadi Himo, nikawaona wakipanda gari lingine, yule dada akiwa dirishani na mama akimwonyesha mtoto mbuzi.

Mengine nilisimuliwa mwaka mpya ulipoanza, mama alipokuja kunitembelea na mkungu wa ndizi kutoka Rombo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ikabidi baba mdogo wa yule dada aje na nyundo. Ndani kulikuwa na utando wa buibui na panya, basi, si zaidi. Walifagia mpaka mchana. Kisha mama aliingia jikoni, akapanga kuni kwenye mafiga ya mtu ambaye hakuwahi kumjua, akawasha. Yule dada alisimama mlangoni akilia, halafu akaomba sufuria. Waliporudi ndugu kutoka kanisani walikuta moshi unatoka kwenye paa lile, na wengine wakaja mbio wakidhani nyumba inaungua.

Mama alicheka aliponieleza hapo. Kisha akaniuliza kama kuna watu waliouliza bei wakati hayupo. Walikuwapo wengi, maana maoni yale yalikuwa yamesomwa mbali. Akavua kanga begani, akasogea karibu na simu, akakohoa kidogo kusafisha koo, akaanza kumwuliza mtu wa Tabora kama huko mvua imenyesha.