Binti Yetu na Hoja ya Mvua

Kabla hatujaondoka Dodoma kwenda Kondoa kula Idi kwa baba mkwe, nilimketisha binti yetu mkubwa kitandani kwake nikamwambia, "Babu akisema jambo, unaitikia. Hubishi."

"Hata kama amekosea?"

"Hasa kama amekosea."

Alinitazama kwa macho ya kupima, nikajua sijamaliza kazi. Alikuwa darasa la sita, na tangu mwaka uanze alikuwa akifundishwa mantiki.

Shule yake ni ndogo, iko nje kidogo ya mji. Ilianzishwa na Wakristo wachache waliotaka watoto wasomeshwe kwa njia ya zamani: Kilatini tangu wakiwa wadogo, Zaburi kwa moyo, habari za Wayunani na Warumi, halafu mantiki, yaani elimu ya kupima hoja, na mwisho balagha, elimu ya kusema mbele za watu. Mume wangu ndiye aliyeipenda kwanza. Mimi nilishawishika siku tuliyokwenda kuitembelea. Watoto wa darasa la kwanza walisimama wakaimba zaburi nzima bila kitabu, na hapakuwa na fimbo mezani kwa mwalimu. Nilitoka pale machozi yakinilengalenga, na machozi hayo ndiyo yaliyoamua.

Hofu ilikuja baadaye. Ofisini kwetu Mtumba mwenzangu mmoja aliniuliza, "Kilatini? Si bora Kichina, dada yangu? Huyo mtoto atazungumza na nani?" Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi mezani kwangu moyo ukiwa mzito, kwa sababu swali lile nilikuwa nalo mwenyewe. Mtihani wa darasa la saba hauulizi Kilatini. Watoto wa wenzangu walikuwa wakipelekwa masomo ya ziada Jumamosi, wakirudi na makaratasi ya maswali ya kuchagua. Wa kwangu alikuwa akizunguka uani akiimba miisho ya nomino za lugha ambayo hata padri wa jirani yetu alisema ameisahau.

Ilipofika mantiki, hofu ilibadilika sura. Nyumbani hapakukalika. Dada anayetusaidia kazi alimwambia mtoto wetu mdogo asipomaliza uji hatakua. Binti yangu akauliza kama kuna mtu yeyote pale anayemjua mtu aliyeacha uji akabaki mfupi. Mdogo wake akasukuma bakuli. Baba yake alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilifikiria Kondoa.

Mume wangu alizaliwa Mwislamu. Aliingia Ukristo akiwa chuoni, kabla hatujajuana. Baba yake hakumfukuza wala hakumlaani. Alinyamaza tu, na jambo lile halikutajwa tena. Mimi Mgogo wa Bahi, binti wa Waanglikana, alinipokea vizuri, akaniita mwanangu. Kila Idi tunakwenda, kila Krismasi anatupigia simu. Mambo yetu yamekaa juu ya ukimya ule, na kila mtu mzima katika familia anajua mahali pa kutokanyaga. Watoto hawajui.

Mwaka ule mvua zilikata mapema. Njiani, kuanzia Mayamaya na kuendelea, mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa ndiyo kwanza yametoa mbelewele. Mume wangu aliendesha mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani.

Tulikula pilau uani, wanaume mkeka mmoja, sisi na watoto mkeka mwingine, karibu kiasi cha kupokezana maji ya kunawa. Baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa mbaazi na alizeti maisha yake yote, na sokoni alijulikana kama mtu asiyekubali kushindwa bei. Anapenda kusema, na anapenda asikilizwe. Alianza na mazao, akaja kwenye bei ya unga, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayehitimisha:

"Tusishangae. Watoto wameacha njia za baba zao, na mvua nayo imeacha njia yake."

Hakumtazama mume wangu. Hakuhitaji. Mume wangu aliinamia sahani. Nilihisi binti yangu akijinyoosha ubavuni pangu, nikamgusa goti. Hakujali.

"Babu, samahani. Mwaka jana mvua ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, alhamdulillahi."

"Na mwaka jana baba alikuwa Mkristo vilevile. Kwa hiyo si yeye."

Mtu mmoja alikohoa. Nikamwita binti yangu kwa sauti ya chini. Akaendelea, na kilichonitisha ni kwamba hakuwa na jeuri. Alikuwa na furaha, kama mtoto anayemwonyesha babu yake kitu alichokiokota.

"Halafu Nabii Ayubu hakukosa lolote, ila alipoteza mifugo na watoto na kila kitu. Hata ninyi mnamsoma. Kwa hiyo shida ikija haimaanishi kuna mtu amekosa. Hoja yako ina tundu, babu."

Dada mkubwa wa mume wangu alijipiga kofi mapajani. "Haya ndiyo mliyompeleka kusoma? Kumwambia babu yake ana tundu?"

"Hoja, shangazi. Sijasema yeye."

Baba mkwe alinawa mkono. Chakula kilikuwa bado nusu sahani. Aliinuka, akarekebisha kanzu yake, akaingia ndani, na hakutoka kutuaga.

Kwenye gari binti yangu alilia kimya, uso kwenye kioo. Tulipokuwa tumeshaiacha milima ya Kondoa nyuma akauliza, "Mama, nilikosea hoja au nilikosea adabu?"

Nilitaka kumjibu. Nilimtazama mume wangu, naye alitazama barabara. Nikamwambia tutazungumza nyumbani, na nyumbani hatukuzungumza.

Baada ya hapo akanyamaza. Ndicho nilichokuwa nimemwomba, na sasa nilikipata chote. Aliitikia kila kitu. Ndiyo mama, sawa mama. Mezani alikula akaondoka. Mdogo wake alimchokoza kwa makusudi, akidai jua linazama kwa sababu kuku wamelala, naye akasema, "Sawa." Nilikuwa nikimsikiliza nikiwa jikoni. Nilihisi kama nimezima kitu ambacho sikujua namna ya kukiwasha.

Nikaenda kumwona mwalimu wake wa mantiki, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kulaumu. Nilimweleza yote, mpaka sahani ya pilau.

"Umri huu wanabisha kila kitu," alisema. "Ndiyo maana tunawapa mantiki sasa, wabishe kwa utaratibu. Balagha inakuja baadaye. Huko ndiko wanakojifunza kusema na nani, lini, na wakati gani wa kunyamaza."

"Baadaye lini, mwalimu? Na wazee wetu wakae wapi mpaka wakati huo?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hapo umenishika, mama. Tunafundisha kama vile watoto wote wana babu mmoja. Hili la familia ya dini mbili sikulifikiria." Akaniuliza kama ningependa azungumze na binti yangu. Nikasema ndiyo. Sikujua kama nitamrudisha mwaka unaofuata. Nyumbani nilimwambia mume wangu hivyo. Alisema, "Tusubiri kidogo." Yeye kila jambo la baba yake hulijibu hivyo.

Baba mkwe alipiga simu wakati wa kiangazi. Macho yalikuwa yamemsumbua, mtoto wa jicho, na daktari wa huko alimwandikia aje Dodoma afanyiwe upasuaji. Angekaa kwetu. Niliposikia hivyo nilisafisha chumba cha wageni mara mbili, nikanunua mkeka mpya wa kuswalia, nikahamisha picha ya msalaba kutoka sebuleni kwenda chumbani kwetu. Halafu nikairudisha. Nikabaki nimesimama nayo ukutani, sijui lipi ni heshima na lipi ni uongo. Mwishowe niliiacha mahali pake.

Alifika mchana. "Shikamoo baba," nikapiga goti. "Marahaba mwanangu." Alikaa, akanywa maji, akauliza, "Yuko wapi yule?"

Binti yangu alikuja akiwa bado na sare za shule. Alipiga magoti, akaamkia, akabaki vilevile kichwa chini. Mwalimu wake alikuwa ameshazungumza naye, lakini mimi sikujua walisemezana nini.

"Babu, naomba radhi. Nilikusahihisha mbele za watu, siku ya Idi, ukiwa unakula."

"Umeomba radhi kwa adabu. Kwa hoja je?"

Alisita. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ananiogopa. "Kwa hoja siwezi, babu. Ningekuwa nadanganya."

Nilishika mlango. Macho ya mzee yenye ukungu yalimtafuta pale alipo.

"Nilikasirika," alisema. "Nimefanya biashara miaka yote hiyo, sijawahi kufungwa mdomo na mteja, sembuse mjukuu. Nimelala na maneno yako kichwani nikitafuta jibu. Sasa inuka. Heshima tumemaliza, turudi kwenye mvua."

Walirudi kwenye mvua. Walirudi kila jioni, kabla ya upasuaji, na baada yake yeye akiwa na bandeji kwenye jicho moja. Hakuwa mwepesi kushindwa. Alileta mfano wa kaumu ya Nuhu, binti akamwuliza kama kila gharika ni ya Nuhu. Alipandisha sauti, alitishia kuondoka na basi la asubuhi, aliagiza chai. Safari moja alimwambia binti asubiri yeye ameze kwanza. Mimi nilikuwa jikoni nikiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nikingoja neno litakalovunja kila kitu.

Lilikuja, lakini hakulisema mtoto. Mzee alimgeukia mume wangu aliyekuwa kimya pembeni kama kawaida. "Mwanao anakutetea tangu Idi. Wewe mwenyewe huna mdomo?"

Mume wangu aliweka kikombe chini.

"Sikuacha kwa kukudharau, baba. Niliamini. Na kila mwaka mvua inapokosekana naogopa kukupigia simu, kwa sababu najua utafikiri ni mimi."

"Mimi sikusema ni wewe."

"Ulisema, baba."

Binti yangu alifungua mdomo, akaufunga mwenyewe, bila mtu kumgusa goti.

"Nilisema," mzee alikubali. Alipangusa jicho lililo wazi kwa ncha ya kikoi; daktari alikuwa amemkataza kugusa lile lenye bandeji. "Hili la mvua mtoto ameshinda. Mvua ni ya Mungu. Lakini hilo lingine, la wewe kuacha dini, bado linaniuma, na litaniuma mpaka nakufa. Usidhani limekwisha."

"Sidhani, baba."

Baada ya hapo aliomba asaidiwe kutawadha, na aliyemsaidia ni mume wangu. Nilisikia maji yakimiminwa taratibu, na sauti zao mbili, za chini, wakizungumza Kirangi cha kwao, ambacho mimi sikijui. Walikaa huko muda mrefu kuliko kutawadha kunavyohitaji.

Hatukumhamisha shule. Sikushawishika kwamba shule ile ina majibu yote. Nilishawishika tu kwamba ningemhamisha kwa sababu ya woga wangu mwenyewe. Mwaka huu yuko darasa la saba. Jumamosi namfanyisha maswali ya mitihani iliyopita. Hisabati zinamchelewesha, kwa sababu hakubali kuchagua jibu mpaka ajue mengine matatu yamekosea wapi. Ninamwambia muda unakwenda. Anasema anajua. Baba yake humpigia simu mzee kila Ijumaa, mvua iwepo isiwepo, na mara nyingine hutoka kwenda varandani ili nisisikie wanayobishania. Mimi namalizia kumsahihishia binti karatasi, nahesabu makosa, na naogopa.